Deni la Chuo na Wale Watumwao Kulidai

Yako madeni ya namna nyingi, na kila namna ina desturi yake. Deni la dukani huandikwa katika daftari la mwenye duka, na mdaiwa hupita mbele ya duka lile kila siku akiamkiana na mdai wake. Kwa hiyo haliwezi kukua pasipo wote wawili kujua. Deni la mahari hudaiwa kwa maneno ya wazee, tena pengine halimaliziki, wala hapana anayetaka limalizike upesi, maana ndilo linalowafanya wakwe waendelee kutembeleana. Lakini liko deni jingine ambalo babu zetu hawakulijua, nalo ni deni la ada ya chuo. Hilo hulala miaka mingi kama chatu aliyeshiba, mtu akadhani limekufa. Kisha siku moja huamka, na anayekuja nalo si yule uliyekuwa ukidaiwa naye, bali ni mtu usiyemjua kabisa, aliyepewa kazi ya kukudai.

Katika miaka hii michache nimewaona walimu wanne wa tarafa yetu wakifikiwa na watu hao, na mmoja wao ni mdogo wangu, tumbo moja. Habari zake nitazieleza kwa urefu, naye ameniruhusu. Chuo chenyewe sitakitaja, wala kampuni ile iliyotumwa, kwa kuwa sikuandika ili kumshitaki mtu.

Kwanza niseme deni hili huzaliwaje. Huku kwetu Masasi fedha ya mkulima ni korosho, na korosho huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Tangu mwaka 2007 zimekuwa zikiuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo wake katika chama cha msingi, akapewa stakabadhi, kisha hungoja mnada, na baada ya mnada hungoja malipo. Lakini chuo hakina msimu. Chuo kina mihula, na kila muhula una tarehe yake. Mzazi huahidi kwa moyo mweupe, na ahadi yake imeegemea juu ya mnada asiouendesha yeye. Katika msimu wa 2018, wanunuzi walipotaka bei ndogo, serikali ilinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa njema. Lakini wakulima wengi walingoja fedha zao muda mrefu, na katika muda ule ada za watoto hazikungoja pamoja nao.

Tena watu huchanganya mambo mawili ambayo yafaa kutengwa. Liko deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ule ni mkopo wa serikali, na aliyeajiriwa hukatwa na mwajiri wake asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kama ilivyoamriwa mwaka 2016. Hata lile ongezeko la asilimia 6 la kulinda thamani ya mkopo, ambalo liliwalemea wengi, liliondolewa mwaka 2021. Lakini wengi waliosoma ualimu wa ngazi ya cheti na stashahada katika vyuo visivyo vya serikali hawakuwa na mkopo wowote. Walikuwa na baba, au mjomba, au shamba. Wakishindwa hao, deni hubaki kati ya mwanafunzi na chuo chake, na dhamana pekee iliyo mikononi mwa chuo ni cheti.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wangu. Aliingia chuo cha ualimu mwaka 2012. Baba yetu alilipa mwaka wa kwanza wote na sehemu ya mwaka wa pili. Kisha akaugua, akafariki Machi 2014, mtihani wa mwisho ukiwa karibu. Mkuu wa chuo alikuwa mzee mwenye huruma. Alimwita akamwambia, 'Wewe fanya mtihani, mengine tutayazungumza.' Akafanya, akafaulu. Yale mengine hayakuzungumzwa, maana mzee yule alistaafu, na aliyeshika mahali pake hakukuta neno lolote la huruma limeandikwa. Alikuta hesabu tu: mwanafunzi huyu adaiwa shilingi 840,000, cheti chake kisitolewe.

Basi akarudi nyumbani, mwalimu asiye na cheti. Alipata kazi katika shule ndogo ya mtu binafsi, akifundisha darasa zima kwa mshahara wa msaidizi. Kila tangazo la ajira za walimu lilipotoka aliwaona wenzake aliokaa nao dawati moja wakipeleka maombi, na yeye hana cha kupeleka. Mwaka 2016 alikwenda chuoni kuomba alipe kidogo kidogo. Akajibiwa alete zote kwa mara moja. Angezitoa wapi? Kazi ambayo ingempatia fedha ile ilikuwa imefungiwa katika kabati lile lile pamoja na cheti.

Miaka ikapita tisa. Mwezi wa Juni 2023 akapigiwa simu na mtu wa kampuni ya kukusanya madeni, na baada ya simu ikaja barua. Barua ilisema adaiwa shilingi 1,310,000: ada 640,000, bweni 200,000, adhabu ya kuchelewa 200,000, na gharama za kukusanya 270,000. Alipewa siku saba, la sivyo mali zake zingekamatwa. Siku ya tatu wakampigia mwalimu mkuu wa shule yake, wakamweleza habari zote. Siku ya tano wakampigia mama yetu. Namba ya mama walikuwa nayo, kwa kuwa iliandikwa katika fomu ya kujiunga na chuo, mahali pa kuandika jina la mtu wa kuarifiwa mwanafunzi akiugua.

Mama ni mjane wa miaka sitini na zaidi. Aliposikia neno 'kukamatwa' hakuuliza kama kinachokamatwa ni mali au mtu. Usiku ule ule alikwenda kwa mnunuzi wa kangomba. Wasomaji wa mbali na Kusini pengine hawalijui neno hili: kangomba ni kumwuzia mtu korosho kwa siri na kwa bei ya kutupa, pengine zikiwa bado maua mtini, kwa sababu una shida ya fedha leo. Serikali imekataza, lakini shida haisomi matangazo. Mama alikuwa tayari kuyatoa mavuno yote ya mwaka ule ili mwanawe asikamatwe. Walikuwa wamepatana, fedha ingeletwa kesho yake jioni. Mdogo wangu akanipigia simu asubuhi, nami nikapanda basi.

Hapa ndipo penye neno ninalotaka walimu wenzangu walitazame. Deni lilikuwa la kweli. Mdogo wangu alikula chakula cha chuo, alilala katika bweni lake, alifundishwa na walimu ambao nao walikuwa na watoto wa kulisha. Sikupata kumsikia akilikana. Lakini kile kilichompeleka mama kwa mnunuzi wa kangomba hakikuwa deni, kilikuwa hofu. Na hofu haikuandikwa katika daftari la chuo lo lote. Ilitengenezwa na watu wale kwa simu tatu na barua moja, na bei yake ilikuwa kubwa kuliko deni lenyewe.

Jioni ile, baada ya kumwomba mama amrudishe mnunuzi na fedha yake, tulifungua Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24. Nimeusoma mlango huo mara nyingi tangu nilipokuwa mwanafunzi wa misheni, lakini siku ile niliusoma kama mtu asomaye barua aliyoandikiwa. Mna humo amri mbili juu ya rehani. Ya kwanza yakataza kutwaa jiwe la kusagia, kwa sababu kulitwaa ni kutwaa uhai wa mwenyewe: asiposaga hatakula, wala hatalipa. Ya pili yasema mwenye kukopesha asiingie nyumbani mwa mwenziwe kuitwaa rehani. Na asimame nje, mdaiwa mwenyewe amtolee. Nikamwuliza mdogo wangu, 'Cheti cha mwalimu si jiwe lake la kusagia?' Mama naye, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, akasema, 'Na simu hii je, si kuingia nyumbani?' Sikuwa na la kuongeza.

Wala si Torati peke yake inayosema hivyo. Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 yasema vyeti vya mitihani ya Baraza hilo visizuiwe na mtu wala chuo. Huko Marekani, ambako biashara ya kukusanya madeni ni kubwa sana, sheria ya mwaka 1977 humtaka mkusanyaji aeleze kwa maandishi deni ni kiasi gani na ni la nani, na mdaiwa ana siku 30 za kulibishia. Tena amekatazwa kuwaeleza watu wengine habari za deni hilo. Jimbo la California limekataza vyuo vyake, tangu mwaka 2020, kuzuia hati za masomo kwa ajili ya deni. Na hapa kwetu Tanzania iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba iliyotolewa kwa ajili ya ugonjwa haikutolewa kwa ajili ya kumtisha mjane.

Asubuhi nilimpigia yule mkusanyaji, kwa adabu, maana naye ni kijana wa watu aliyetafuta kazi akaipata hiyo.

'Ndugu, wewe ni dalali wa mahakama?'

'Sisi ni mawakala wa chuo.'

'Je, iko hukumu ya mahakama juu ya deni hili?'

Akanyamaza kidogo, akasema hukumu yaweza kutafutwa. Kisha akaongeza kwa sauti ya upole, 'Mwalimu, mwambie mdogo wako alipe hata shilingi elfu kumi leo, kuonyesha nia njema.'

Yafaa walimu waelewe mambo haya mawili. Wakala hana mamlaka zaidi ya yule aliyemtuma, na chuo hakina mamlaka ya kukamata kitanda cha mtu. Mali hukamatwa baada ya kesi, na hukumu, na amri ya mahakama ya kuikaza hukumu ile. Na mwenye kuikamata ni dalali wa mahakama, mwenye hati mkononi. Barua yenye nembo na wino mwekundu si hati. Na lile la elfu kumi nalo lina maana yake. Katika Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, dai la mkataba hupelekwa mahakamani ndani ya miaka 6. Lakini mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi yenye sahihi, au akilipa sehemu yake, muda waweza kuanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo ile nia njema ilikuwa na mlango wa nyuma. Mwenye deni la zamani asilipe hata senti, wala asitie sahihi popote, kabla ya kumwuliza mwenye kujua sheria. Tangu sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017, wako wasaidizi wa kisheria wanaowasaidia wasio na uwezo bila malipo. Sisi tulikwenda kwa mmoja wao, akatueleza kwa subira.

Mdogo wangu aliposikia habari ya miaka 6 uso ulimng'aa. 'Basi, kaka, nimepona. Imepita tisa.' Tulizungumza usiku kucha. Nilimwambia kwamba sheria imefunga mlango wa mahakama, haikufungua kabati lenye cheti. Lakini hilo lilikuwa neno la faida tu, nami sikutaka aamue kwa faida peke yake. Wale walimu waliomfundisha mwaka ule walilipwa kwa ada za wenziwe. Wako wazazi waliouza mbuzi ili darasa lile liwe na chaki. Sheria ya ukomo ni njema, kwa sababu mtu asidaiwe milele kwa hesabu ambazo stakabadhi zake zimeliwa na mchwa. Ila imewekwa kumlinda mnyonge asionewe, si kumfundisha kusahau. Alinyamaza muda mrefu, akasema, 'Nitalipa ninachodaiwa. Lakini nataka kwanza nikijue.'

Akaandika barua, si kwa kampuni bali kwa chuo, na nakala akaipeleka kwa kampuni. Hakuandika kwamba anadaiwa wala kwamba hadaiwi. Aliomba apewe hesabu yake yote tangu siku ya kwanza, kila kilicholipwa na kila kilichotozwa. Aonyeshwe ni wapi katika masharti ya kujiunga palipoandikwa adhabu na gharama za kukusanya. Na simu kwa mama na kwa mwalimu mkuu zikome. Zikakoma. Hesabu ilichukua majuma matatu kufika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naona daftari la mdaiwa lapaswa kutunzwa kuliko la mdai. Baba yetu hakuwa msomi, lakini hakutupa karatasi. Mama alituletea bati la biskuti alilokuwa akihifadhia stakabadhi za korosho, kadi za kliniki zetu za utotoni, na karatasi za benki. Tukazitandika juu ya mkeka, tukazilinganisha na hesabu ya chuo mstari kwa mstari. Zote zilipatana, isipokuwa moja: karatasi ya benki ya tarehe 11 Februari 2014, shilingi 150,000. Katika hesabu ya chuo haikuwamo. Mama aliitazama, akasema siku ile baba alikwenda mjini akiwa na homa, akakataa kusindikizwa.

Tulikwenda na karatasi ile chuoni. Mhasibu alikuwa binti kijana, mpole, ambaye mwaka 2014 pengine alikuwa bado shule ya msingi. Alitafuta katika madaftari ya zamani karibu saa mbili. Mwisho akaikuta fedha ile: karani wa benki alikuwa amelikosea jina la mdogo wangu kwa herufi mbili, na kwa kuwa hapakuwa na mwanafunzi mwenye jina hilo, iliandikwa miongoni mwa fedha zisizojulikana mwenyewe. Ilikaa humo miaka tisa. Yaani malipo ya mwisho ya baba yetu yalikuwa yamefika chuoni siku zote hizo, na mwanawe akadaiwa na fedha ile, na adhabu juu yake, na gharama za kumtafuta.

Mhasibu alisikitika kwa kweli, tena mkuu mpya wa chuo alipoelezwa aliagiza tuletewe chai. Nasema hivi ili nisikionee chuo. Wana walimu wa kulipa, na wanaodaiwa ni wengi. Mkuu alituambia kwamba walilikabidhi kundi zima la madeni ya zamani kwa kampuni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuyafuatilia, na kwamba kampuni huchukua fungu lake katika kila inachokusanya. Lakini hapo ndipo penye hatari. Kampuni ilipewa orodha ya majina na kiasi, haikupewa madaftari. Mtu asiye na madaftari hawezi kuuliza kama deni ni la kweli. Aweza kulidai tu, na kadiri alidaivyo kwa ukali ndivyo fungu lake lipatikanavyo. Binti yule aliimaliza kwa saa mbili kazi ambayo simu mia zisingeimaliza.

Basi hesabu ikafanywa upya. Ada ikawa 490,000. Bweni likapunguzwa hata 100,000, kwa sababu nusu ya muda uliotozwa mdogo wangu alikuwa katika mazoezi ya kufundisha na kulala kijijini. Adhabu na gharama za kukusanya hazikuwamo katika masharti aliyotia sahihi, zikafutwa. Jumla 590,000. Yeye na mimi tulikusanya 290,000 mwezi wa Agosti, na 100,000 zikalipwa Septemba, Oktoba na Novemba, zote benki, kwa jina la chuo, si kwa simu ya mtu. Ile ya Novemba ilitoka kwa mama, katika korosho alizozipeleka chama cha msingi na kuziuza mnadani kama wenzake.

Cheti kilitolewa Desemba. Mdogo wangu alikisoma akiwa amesimama, akahakikisha kwanza herufi za jina lake, kisha akaomba pia barua ya chuo ya kukiri kwamba hadaiwi tena, na kwamba kampuni imearifiwa hivyo. Barua hiyo tumeitoa nakala tatu: moja anayo yeye, moja ninayo mimi, na ya tatu imo katika bati la mama pamoja na karatasi ya Februari 2014. Maombi ya ajira ameyapeleka mara mbili tangu hapo. Hata sasa angali akingoja.